Miguu Inasemaje Leo

Asubuhi ile Fundi alikunywa chai yake, akavuta kikombe cha mkewe akakinywa nacho, kisha akafungua kopo la sukari akaanza kuila kwa kijiko kikubwa. Mkewe alikuwa amesimama karibu na jiko, mkoba wa kazini begani. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha chekechea, na watoto wa chekechea humfundisha mtu kusubiri. Alisubiri aone kama kikombe chake kitarudi. Hakikurudi. Fundi aliikomba sukari mpaka chini, akaligeuza kopo, akaligonga mezani.

"Nyingine," akasema.

Neno lilitoka limelegea, maana ulimi ulishakuwa mzito. Mikono ndiyo iliyotangulia. Fundi alikuwa fundi makochi, na mafundi makochi hubana misumari midogo midomoni ili mkono mmoja uvute kitambaa na mwingine ushike nyundo. Ulimi unasukuma msumari, nyundo inaupokea. Siku moja misumari yote ilimwagika kutoka mdomoni mwake. Baadaye ikaanguka nyundo. Daktari wa hospitali kubwa alimgonga magoti, akamchoma sindano za kupima misuli, akasema ni ugonjwa wa neva zinazoamrisha misuli. Utachukua mikono, utachukua miguu, utachukua koo, na mwisho pumzi, na dawa ya kuuondoa hakuna.

"Lakini akili hauigusi," akasema Daktari. "Kwa hilo mshukuru."

Wakashukuru. Mtu aliyefikwa na maji ya shingo hushukuru hata nchi kavu ya kusimuliwa.

Sasa, ili tuelewane, lazima niseme Fundi alivyokuwa akifanya kazi. Mafundi wengine hupima kiti kwa futi. Yeye alifunga mgongo, akafunga mikono, akapanga springi, akajaza usufi, halafu akaacha. Kabla ya kufunika kitako humwita mwenye kiti amuulize: "Nani atakaa hapa? Anaumwa wapi? Akikaa anatazama nini?" Asipojibiwa hafungi. Kuna makochi yalikaa karakanani matumbo wazi mwaka mzima kwa sababu wenyewe walituma dereva ambaye hajui bibi yao anaumwa nyonga ipi. Wateja waligomba, wakaondoka, wakarudi, wakajibu. Fundi akafunga.

Nyumbani kwake walikaa kwenye viti vya plastiki. Kinyozi hajinyoi. Pembeni mwa sebule kulikuwa na fremu ya kiti cha mkono aliyomwahidi mkewe tangu siku za harusi, na kila Mwalimu akiiulizia jibu lilikuwa lile lile: "Cha kwako siwezi kukifunga, bibie. Bado sijamaliza kukujua." Mwalimu alimwita mwongo, na alipenda kudanganywa hivyo.

Na kila jioni Fundi alipiga hodi mlangoni kwake mwenyewe, akasubiri akaribishwe, akaingia na vumbi la usufi kwenye nyusi, akauliza, "Miguu inasemaje leo, bibie?" Kwa sababu chekechea hakuna kukaa. Mwalimu akijibu, "Inakutukana," Fundi alicheka akaenda kuchemsha maji ya beseni.

Mvua zilipoanza, Fundi aliacha kuuliza.

Mwanzoni Mwalimu alidhani ni majonzi. Kisha yakaja mengine. Jirani alifiwa, Fundi akacheka msibani na kuuliza chakula kinatoka saa ngapi. Mteja wa siku nyingi alikuja kumjulia hali, akamwambia amenenepa kama godoro. Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu akilia; Fundi akamwambia simu ina kelele, akakata. Alikula mbio mbio, akijaza shavu hili na lile, akipaliwa mpaka macho yanatoka, na akimaliza kupaliwa anajaza tena. Jamani, mtu anaweza kuvumilia mengi. Lakini siku moja Mwalimu aliteleza kwenye sakafu ya jikoni, akalala pale ameshika goti, hawezi kuinuka. Fundi alikuja akiburuta mguu. Akamwangalia. Akamzunguka.

"Mkate uko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo moyo wa Mwalimu ulipokatika.

Alimweleza wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, na Wifi akaitisha kikao cha familia, kwa kuwa ugomvi wa ndoa hutatuliwa kwa kikao. Wakaja watu wazima, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wakamsema Fundi kwa upole na kisha kwa ukali. Shangazi yao alilia. Fundi akamwangalia alivyokunja uso, akacheka, kisha akauliza wanaondoka lini.

"Omba msamaha," akasema Wifi.

"Samahani," akasema Fundi, kama mtu anayesoma kibao cha dukani.

Kikao kikakata shauri. Daktari kasema akili haijaguswa. Basi hii ni dharau, na dharau ya mume haizuki hivi hivi. Wifi alimvuta Mwalimu kando jikoni. "Mwanamume mwenye akili zake timamu hamgeuki mkewe bure," akasema. "Jiangalie, wifi. Huenda humpi heshima yake sasa anapoumwa."

Wageni walipoondoka Mwalimu alitoa begi juu ya kabati akaweka nguo zake. Alikuwa anakwenda kwa dada yake, na Wifi angekuja kumlea kaka yake mwenye akili timamu. Kilichomliza si kazi ya kumlisha wala kumvalisha. Alilia kwa sababu alianza kuamini kwamba maji ya beseni, na hodi, na "bado sijamaliza kukujua," yote yalikuwa danganya toto, na kwamba ugonjwa umemfanya Fundi achoke kuigiza.

Asubuhi alipitia saluni kwanza. Mtu haendi kwa dada yake nywele zimetimka.

"Kaa hapo," akasema Msusi, akimwonyesha kiti cha ngozi nyeusi ambacho Fundi alimtengenezea. "Ila nikwambie mapema, hicho kiti siku hizi kinajulia watu hali."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza. Wengine wamekipenda. Mmoja amehamia kile cha pembeni, anasema hakuja saluni kuulizwa habari za mama mkwe wake. Na si hiki tu. Sofa la mwenye duka la dawa nalo linauliza, na viti vya mwalimu mkuu. Kazi zote za mumeo."

Mwalimu akakaa. Springi zikashuka kidogo, zikamshika.

"Miguu inasemaje leo, bibie?" kikauliza kiti.

Ilikuwa sauti ya Fundi, ile ya kabla ulimi haujawa mzito.

"Inakutukana," akajibu Mwalimu, kabla hajafikiri.

Kiti kikacheka. Msusi aliendelea kugawa nywele kwa mkia wa kitana.

"Mbona unakaa upande mmoja?" kikauliza. "Goti limefanya nini?"

Mwalimu akalia mpaka Msusi akaweka kitana chini. Kisha akakieleza kiti yote, sakafu na mkate na kikao, na kiti kikasikiliza kama Fundi alivyokuwa akisikiliza, kikidakia "enhe" mahali panapostahili. Hakikutoa ushauri. Kilijua kuuliza tu. Majibu hakikuwa nayo hata moja. Aliposimama kiliuliza kama ngazi anazipanda kwa mguu mzima kwanza, basi.

Alirudi nyumbani polepole, nywele zimesukwa upande mmoja, akiwaza. Kama huruma ya mume wake ilikuwa ya kuigiza, isingekuwa inapiga soga saluni. Ilikuwa ya kweli, ilikuwa yake, na ilimtoka mvua zilipoanza, kama nguvu zilivyomtoka vidoleni. Hakuna kikao kilichowahi kumsema Fundi kwa kushindwa kushika nyundo.

"Kumbe hakuninyima," akasema mbele ya mlango wake. "Haimo. Mtu hakunyimi asicho nacho."

Usifikiri alifurahi. Anayenyimwa ana wa kumlaumu, naye sasa hakuwa na mtu. Ilimuuma zaidi kuliko jana, na ilimtua mzigo. Akaingia, akarudisha nguo kabatini, na kopo la sukari akalipandisha juu mahali palipokuwa na begi. Fundi alimtazama.

"Nyingine," akasema.

"Kijiko kidogo kimoja," akasema Mwalimu, na kuanzia siku hiyo hakubishana naye tena.

Siku ya kliniki alikwenda naye hospitali akiwa amejipanga. Daktari alikaa kwenye kiti chake kikubwa cha kahawia, kazi ya Fundi vilevile, ya zamani, mgongo wa Daktari ulipokuwa unamsumbua. Mwalimu alipewa kigoda. Daktari alimwambia Fundi apulize, akapuliza. Akamwambia asukume mkono, hakuweza.

"Daktari, kuna jambo," akasema Mwalimu. "Mume wangu amebadilika tabia. Hajali mtu. Anakula mpaka anapaliwa. Nilianguka mbele yake akanizunguka."

"Hizo ni hasira, mama. Nani hatakasirika? Ugonjwa huu unakula misuli, akili hauigusi. Mvumilie."

Wakati huo Fundi alikuwa anachota peremende kwenye bakuli la mezani na kuzitia mdomoni pamoja na makaratasi yake. Daktari akalisogeza bakuli mbali bila kukatiza maneno. Mwalimu akamtia Fundi kidole mdomoni, akazitoa moja moja kabla hazijamkaba.

"Daktari," kikasema kiti cha kahawia, "mgongo unaendeleaje?"

"Afadhali, ahsante," akajibu Daktari, ambaye alikuwa mtu wa adabu.

"Na huyu mama umemuuliza anaendeleaje?"

Daktari akaangalia mlango. "Kiti hiki kimeanza kuingilia kazi," akamwambia Mwalimu. "Kila mgonjwa akiingia, 'mke umemuuliza, mtoto umemuuliza.' Foleni haiendi."

"Hiyo ni sauti ya mume wangu, Daktari. Ndivyo alivyokuwa. Kama ndani yake hakuna kilichoguswa, hiyo iliyoko kwenye kiti imetoka wapi?"

Daktari alifikiri kwa dhati kabisa.

"Hilo ni suala la samani," akasema, akaita mtu wa usafi. Kiti kikatolewa nje, kikawekwa koridoni, na mahali pake kikaja kiti cha ofisini cha kuzunguka, kimya, chenye magurudumu.

Pale koridoni kulikuwa na benchi la mbao la familia za wagonjwa. Watu wa benchi wakaanza kukaa kwenye kile kiti kwa zamu, kwanza kwa sababu ni laini. Kiti kiliuliza kila mmoja, "Na wewe je?" Mwanzoni walijibu "salama," kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu. Kiti kikarudia. Basi yakatoka. Kijana mmoja alisema baba yake anamtukana muuguzi matusi ambayo nyumbani kwao hayajawahi kutamkwa. Mama mmoja alisema mumewe, mtu wa vichekesho, sasa anakaa kama gunia, ukimweka anakaa, ukimwondoa anaondoka. Kila mmoja alikuwa amedhani ni nyumbani kwake tu. Kila mmoja alikuwa ameambiwa ashukuru.

Na kwa kuwa kiti hakina majibu, majibu wakapeana wenyewe. Weka kidogo sahanini, ongeza akimeza. Uliza swali la ndiyo au hapana. Usimwambie "hunipendi", hatajua la kufanya nalo. Mgeni mwambie mlangoni kabla hajaingia: "Akikuambia neno baya, ni ugonjwa unaosema." Na ukitaka kulia bafuni, usifungulie bomba kuficha sauti, maji yana kosa gani? Hilo la mwisho liliwachekesha mpaka Daktari akafungua mlango kuomba utulivu.

Siku nyingine Wifi alikuja nao, kuhakikisha, kama alivyosema, kwamba kaka yake hasemwi vibaya mbele ya madaktari. Alikuta kiti kiko wazi akakikalia na pochi yake mapajani.

"Dada," kikasema kiti, "bado unalala taa inawaka?"

Wifi alikuwa analala taa ikiwaka tangu mama yao alipofariki, na aliyejua ni mmoja tu. Alishika mikono ya kiti. Alimtazama Fundi, aliyekuwa kando kwenye kiti cha kusukumwa, akitafuna ukosi wa shati lake.

"Sauti yake hii," akasema.

"Ndiyo, wifi."

"Na kule nyumbani?"

"Kule haimo."

Watu wawili wakaitwa ndani. Kisha Wifi akasema, "Na mimi nikakuambia jikoni kwako ujiangalie."

"Ulisema."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nisamehe, mwenzangu."

"Yamekwisha," akasema Mwalimu. Hayakuwa yamekwisha siku ile, ila yalikuja kwisha. Tangu hapo Wifi alikuja mwisho wa wiki kukaa na kaka yake ili Mwalimu alale. Kila alipoingia Fundi alimwambia amezeeka, na kila mara alijibu, "Ni kweli, tumezeeka wote," akavua viatu.

Wao wawili ndio walioifunga ile fremu ya pembeni. Shingo ya Fundi ilikuwa imeanza kushindwa kubeba kichwa, na viti vya plastiki vilimtupa mbele. Walitoa karakanani usufi na sindano iliyopinda, ile ya kushonea pembeni, wakaanza kubahatisha. Fundi alikaa karibu, mikono imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Hakuonyesha kujali. Lakini kila kitambaa kilipolegea alisema, "Vuta," nao wakavuta, na kila mara alikuwa sahihi.

Kabla ya kufunga kitako Mwalimu aliacha sindano.

"Nani atakaa hapa?" akauliza kwa sauti, kisha akajijibu mwenyewe. "Mume wangu. Anaumwa wapi? Shingo. Na sijui wapi kwingine, kwa kuwa hasemi. Akikaa anatazama nini? Mlango." Akaupiga usufi vizuri kwa viganja, akafunga.

Walimkalisha jioni. Mwalimu alikuwa jikoni aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka sebuleni, tamu kuliko alivyodhani sauti yake ilivyo.

"Shingo inasemaje leo, bwana?" kikauliza kiti.

Fundi alitazama mlango.

"Sukari," akajibu.

Mwalimu akaleta kijiko kidogo kimoja. Kiti kiliuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, na Fundi alijibu hivyo hivyo. Mwalimu alikuwa amempenda mtu yule aliyekuwa akiuliza. Sasa alimpenda huyu asiyeuliza, na mapenzi hayo mawili hayakufanana hata kidogo, na yote yalikuwa yake.

Mara ya mwisho nilipopata habari zao ilikuwa siku ya kliniki. Hospitali ilikuwa imebandika karatasi kwenye kile kiti cha koridoni, "Hakikaliwi," na watu waliisogeza kando wakakaa. Kwa kukaliwa sana mshono wa kitako ulikuwa umefumuka, usufi ukachungulia, na kiti kilichofumuka hakisemi. Siku hiyo kilikuwa kimya.

Mlango wa Daktari ulikuwa wazi nusu. "Akili hauigusi," alikuwa anasema ndani, magurudumu yakilia chini yake. "Kwa hilo mshukuru."

Akatoka mwanamke aliyevaa sare ya benki, akimshika mumewe kiwiko. Mume alikwenda moja kwa moja kwenye benchi, akachukua biskuti mkononi mwa mtoto wa watu, akala. Mwanamke akaomba radhi kwa mama wa mtoto, kwa benchi zima, kwa ukuta. Uso wake Mwalimu aliujua. Alikuwa ameuona kwenye kioo cha saluni, usoni pake mwenyewe.

Mwalimu alipiga magoti mbele ya kiti, lile zima kwanza. Alitoa sindano iliyopinda kwenye mkoba, akatunga uzi, akaurudisha usufi ndani kwa vidole. Alishona mpaka karibu na pembe, akaacha.

"Nani atakaa hapa?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Mwanamke akatazama huku na huku. "Mimi?"

"Unaumwa wapi?"

"Mimi siumwi. Mgonjwa ni mume wangu."

"Najua," akasema Mwalimu. "Ndiyo nakuuliza wewe."

Mwanamke aliutazama mlango wa Daktari, ambao sasa ulikuwa umefungwa. Akafungua mdomo kusema "salama." Haikutoka. Akakaa chini sakafuni na sare yake ya benki, karibu na kiti, akaanza kusema, na Mwalimu alisahau sindano mkononi akimsikiliza.

"Vuta," akasema Fundi kutoka kwenye kiti chake cha kusukumwa.

Akavuta.